Shimo la mhanga ni makao ya wengi

WASWAHILI walinena kuwa mchimba kisima huingia mwenyewe. Methali hiyo humwonya mwenye hila, lakini katika mbuga zetu yupo mchimbaji ambaye mambo yake huenda kinyume: yeye huchimba, wakaingia wengine. Mchimbaji huyo ni mhanga, mnyama mwenye masikio marefu mithili ya punda, pua ndefu iliyobutuka nchani kama ya nguruwe na mkia mnene unaopungua unene kuelekea mwisho.

Wakenya wachache mno wamewahi kumwona, kwa kuwa hutoka usiku na hutembea peke yake. Mashimo yake, kwa upande mwingine, yanafahamika vyema na wafugaji wa Laikipia, Samburu, Kajiado na Taita Taveta, na aghalabu hayasemwi vizuri. Ng'ombe akitumbukiza mguu humo huvunjika, na gari likiingiza gurudumu halitoki pasipo msaada. Ndiposa wengine huyafukia kwa mawe na miiba kila wanapoyaona. Kabla ya kufanya hivyo, ni vyema kujua ni nani hulala humo, na wangelala wapi kama mhanga asingekuwapo.

Faida ya ardhi

Udongo hupokea joto polepole na kuliachilia polepole. Saa saba mchana mchanga wa Garissa waweza kuunguza nyayo, lakini kadiri mtu anavyoshuka chini ndivyo tofauti baina ya mchana na usiku inavyofifia, hata katika kina cha mita moja hivi joto huwa karibu lile lile kutwa kucha. Mnyama aliyejificha humo huepuka jua la adhuhuri na baridi ya alfajiri bila kutumia nguvu nyingi za mwili wake.

Jambo la pili ni unyevu. Hewa ya shimoni huwa na mvuke zaidi kuliko ya nje, kwa hivyo mnyama hupoteza maji machache anapopumua. Katika nyanda kame, ambako mto waweza kuwa mwendo wa siku nzima, maji hayo machache yana thamani kubwa.

La tatu ni usalama, ijapokuwa hapa pana walakini. Shimo lenye mlango mmoja humwokoa mnyama kutokana na simba aliye nje, ila humnasa mbele ya nyoka aliyekwisha kuingia. Isitoshe, mvua kubwa ikinyesha shimo huweza kujaa maji, na wakazi wakiwa wengi hewa huchafuka. Kila mchimbaji ameyatafutia mashaka hayo ufumbuzi wake.

Mchimbaji mkuu

Mhanga mzima huwa na uzani wa kati ya kilo 40 na 65, na wengine huzidi hapo. Chakula chake ni mchwa na sisimizi, ambao huwatafuta kwa kunusa akitembea kilomita kadhaa kila usiku. Hana jamaa wa karibu aliye hai ulimwenguni. Wanasayansi wamemweka katika kundi lake peke yake kwa sababu meno yake, yaliyoundwa kwa vijineli vingi vilivyoshikamana, hayafanani na ya mnyama mwingine yeyote.

Miguu yake ya mbele ina vidole vinne, kila kimoja na ukucha mpana mfano wa koleo. Anapochimba hujiegemeza kwenye miguu ya nyuma na mkia, akavuta udongo hadi chini ya tumbo, kisha akausukuma nyuma kwa miguu yake ya nyuma. Masikio huyakunja yasiingiwe na vumbi, na pua huzibwa na nywele nzito zilizo ndani yake. Katika udongo laini humchukua dakika chache tu kutoweka machoni. Watu waliojaribu kumfukua kwa jembe wamegundua kwamba yeye huendelea kuchimba mbele yao, akiuziba mfereji kwa udongo nyuma yake.

Mashimo yake ni ya aina tatu. Kuna yale mafupi ya kutafutia chakula, ambayo hayafiki mbali. Kuna ya kujihifadhi kwa muda, yaliyotapakaa kote katika eneo lake. Na kuna makao hasa, ambayo huweza kuwa na mfereji wa urefu wa mita kumi au zaidi, milango kadhaa na chumba kipana mwishoni anamojikunja kulala. Humo ndimo jike huzalia mtoto wake, kwa kawaida mmoja tu, baada ya kubeba mimba kwa takriban miezi saba. Baadhi ya nyakati mhanga huuziba mlango kwa udongo, akaacha upenyo mdogo juu wa kupitisha hewa.

Jambo lililo muhimu kwa wanyama wengine ni kwamba mhanga hapendi kudumu mahali pamoja. Hutumia makao haya kwa siku au majuma machache, kisha huhamia mengine au huchimba mapya. Kila anapohama huacha nyumba tupu nyuma yake. Kwa Kiswahili twasema mtu amejitoa mhanga anapojitolea kwa ajili ya wenzake, na ingawa mnyama huyu hakukusudia kumtendea yeyote hisani, jina linamfaa.

Wapangaji wasiolipa kodi

Wa kwanza kuhamia mara nyingi huwa ngiri. Pamoja na pembe zake za kutisha, ngiri ana manyoya machache na mafuta kidogo chini ya ngozi, hivyo usiku wa baridi humwelemea. Anaweza kuchimba, ila akipata shimo la mhanga hujipunguzia kazi. Watoto hutangulia kuingia kwa vichwa, naye mkubwa hufuata kinyumenyume, meno yake yakiutazama mlango. Chui au mbwa mwitu atakayeingiza kichwa hukutana na meno hayo. Asubuhi ngiri hutoka kwa kishindo na mbio, ili kama kuna adui anayemvizia mlangoni apitwe kabla hajajiandaa. Yeyote anayepita karibu na shimo la ngiri alfajiri na asisimame mbele ya mlango. Asimame nyuma yake au kando.

Fisi madoa naye hulitumia shimo kwa namna nyingine kabisa. Majike wa kundi moja huwaweka watoto wao katika pango la pamoja, na vijia vya ndani huwa vyembamba kiasi kwamba wakubwa hawawezi kupita. Mama hufika mlangoni, akaita, na watoto wake wakatoka kunyonya. Wembamba huo huwalinda watoto dhidi ya simba, na pia dhidi ya fisi wakubwa wenyewe, ambao si wa kuaminika. Watoto wa fisi hunyonya kwa zaidi ya mwaka mmoja, kwa hivyo pango zuri lina thamani ya muda mrefu.

Mbwa mwitu, ambao ni miongoni mwa wanyama waliopungua mno barani Afrika, huishi wakizurura mwaka mzima isipokuwa wanapozaa. Hapo hulazimika kutulia kwa takriban miezi mitatu hadi watoto waweze kukimbia, na mara nyingi wanakotulia ni katika shimo lililochimbwa na mhanga au kupanuliwa na ngiri. Mbweha na nyegere hufanya vivyo hivyo. Nungunungu naye huingia na desturi yake ya kukusanya mifupa, ambayo huiguguna ili kupata madini na kupunguza urefu wa meno yake. Wachimbuaji wa mabaki ya kale wamejifunza kutazama alama za meno hayo kabla ya kudai kuwa lundo la mifupa limeachwa na binadamu wa zamani.

Kakakuona, anayewindwa sana kwa magamba yake, hupendelea kulala katika mashimo yaliyoachwa. Biashara ya kimataifa ya kakakuona wote ilipigwa marufuku katika mkutano uliofanyika Johannesburg mwaka wa 2016, lakini marufuku hayo hayampatii mahali pa kulala. Tukiongeza chatu, kenge, popo na vyura, hesabu ya wapangaji huwa ndefu kuliko nafasi tuliyo nayo.

Hata hivyo, mmoja hatuwezi kumwacha. Ni mbayuwayu wa buluu, ndege mdogo mwenye mkia wa nyuzi mbili ndefu, ambaye ni nadra sana duniani. Huzaliana katika nyasi za milimani kuanzia kusini mwa Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, na hujenga kiota chake cha matope na nyasi katika dari ya shimo la mhanga au ya shimo lililotokana na kuporomoka kwa ardhi. Baada ya makinda kukua huruka kaskazini, akaja kukaa katika nyasi za Uganda na magharibi mwa Kenya, zikiwemo za Mbuga ya Kitaifa ya Ruma na maeneo ya Busia, takriban kuanzia Aprili hadi Septemba. Watazamaji wa ndege wanaosafiri hadi Ruma kumwona huenda hawafahamu kwamba alianguliwa ndani ya nyumba ya mlaji mchwa, maelfu ya kilomita kutoka hapo.

Mji wa fuko-uchi

Baada ya mchimbaji anayeacha nyumba na kwenda zake, tumtazame yule asiyetoka kabisa. Fuko-uchi, ambaye ngozi yake ya waridi ina mikunjo na nywele za kuhesabika, huishi katika sehemu kame za Kenya, Ethiopia na Somalia. Hapa kwetu ameonekana pande za Isiolo, Meru na Mtito Andei. Alielezwa kisayansi na Mjerumani Eduard Rüppell mwaka wa 1842, lakini siri yake kuu haikufichuka hadi mwaka wa 1981, wakati Dkt Jennifer Jarvis, aliyekuwa amefanya utafiti Nairobi kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Cape Town, alipoonyesha kwamba mnyama huyu huishi kama nyuki. Koloni moja ina malkia mmoja anayezaa, madume wachache wanaopandana naye, na wengine wote ni vibarua na askari. Kwa wastani koloni huwa na wakazi 70 hadi 80, na kubwa zimepatikana zikiwa na karibu 300.

Fuko-uchi huchimba kwa meno ya mbele, ambayo yamejitokeza nje ya midomo. Midomo hufumba nyuma ya meno hayo, udongo usiingie kinywani. Kazi hufanywa kwa mpangilio wa kupendeza. Mmoja huuma udongo, wa pili huufagia kwa miguu akirudi nyuma, wengine wakapokezana naye kwa kupita juu ya wanaorudi, na wa mwisho huurusha nje kwa mateke. Udongo unaotoka hufanya kilima kidogo chenye shimo katikati mfano wa volkano. Kazi hii huchacha mvua zinaponyesha, ardhi ikiwa laini, kwa maana wakati wa kiangazi udongo huwa kama saruji. Koloni kubwa huwa na mifereji ambayo ikiunganishwa yaweza kufikia kilomita tatu au zaidi.

Mji huo una chumba cha kulala na kulea watoto, na una choo ambacho kila mmoja hukitumia. Kinapojaa huzibwa na kingine kikachimbwa. Joto la ndani halitoki mbali na nyuzi 30 za Selsiasi, jambo linalomfaa fuko-uchi kwa kuwa hawezi vyema kudhibiti joto la mwili wake, tofauti na wanyama wengine wanaonyonyesha. Chakula chao ni viazi vya mwituni. Wakikipata kikubwa hula sehemu ya ndani na kuacha ganda na mizizi, nacho kikaendelea kukua, hata kiazi kimoja kikawalisha kwa miezi mingi.

Hewa chafu ya mjini humo ndiyo iliyowavutia madaktari. Mwaka wa 2017 watafiti waliripoti kuwa fuko-uchi aliweza kukaa dakika 18 pasipo oksijeni yoyote na kuzinduka akiwa salama, kwa kuwa mwili wake hubadilisha namna ya kutumia sukari. Vile vile, wengine wamefugwa maabarani kwa zaidi ya miaka 30, ilhali panya wa kimo chake huishi miaka michache tu. Maadui wake wakuu ni nyoka, ambao hufuata harufu ya udongo mbichi hadi kwenye mlango wa kilima. Askari wa koloni huwakabili huku wenzao wakiuziba mfereji nyuma yao.

Wakulima wa Kati mwa Kenya wanamjua fuko mwingine, yule mwenye manyoya, anayeishi peke yake katika mfereji wake na kula viazi, karoti na mabingobingo kuanzia mizizini. Ni jambo la kawaida kuona mmea ukinywea shambani, na mkulima anapouvuta ukatoka bila mzizi. Huko vijijini wapo watu wenye ujuzi wa kumtega kwa ufito uliopindwa na kitanzi cha waya, nao hulipwa kwa idadi ya waliowanasa. Hatuwezi kumlaumu mkulima kwa hilo. Itoshe tu kusema kwamba fuko huyo hupindua udongo, huingiza hewa na maji ndani yake, na kwamba sumu imwagwayo mashimoni haichagui atakayeila.

Ndege wachimbao kingo

Mdomo wa ndege hauonekani kuwa chombo cha kuchimbia, lakini keremkerem na mdiria hautumia ipasavyo. Huchagua ukingo wa mto au wa barabara uliosimama wima, wakaudonoa wakiwa angani hadi wapate pa kukanyaga, kisha huchimba kuelekea ndani na kuutoa udongo kwa miguu. Mfereji wa keremkerem huweza kufikia mita moja, na mayai huwekwa katika chumba kilicho mwisho. Nyoka hupata taabu kupanda ukuta ulio wima, na mvua haiingii.

Karibu na Nakuru, Prof Stephen Emlen wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na mwenzake Peter Wrege waliwachunguza keremkerem wa paji jeupe kwa miaka kadhaa kuanzia miaka ya sabini. Waligundua kwamba si kila ndege huzaa. Wengi huwa wasaidizi wa wazazi au ndugu zao, wakisaidia kuchimba, kuatamia na kulisha makinda. Ajabu ni kwamba baba huenda kwenye shimo la mwanawe aliyekwisha kuoa, akamzibia mlango na kumvuruga hadi akate tamaa na kurudi nyumbani kuwalea wadogo zake. Wasomaji wenye wakwe wakorofi hawatashangaa sana.

Kwa ndege hawa, mchanga wa kingo una maana nyingine mbali na ile ya mjenzi. Uchimbaji wa mchanga katika mito ya Machakos, Makueni na Kitui umezitafuna kingo pamoja na mitaro ya maji ya wenyeji, na Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuuhifadhi mwaka wa 2015. Lakini pia ni kweli kwamba timbo lililoachwa na binadamu huwa ukuta mzuri kwa keremkerem. Madhara makubwa hutokea ukingo unapokatwa wakati mashimo yana mayai.

Kutoka pwani kuna ndege mwingine wa kustaajabisha. Katika hori ya Mida, karibu na Watamu, huonekana makundi ya ndege weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mzito wa kuvunjia kaa. Hukaa hapo miezi mingi ya mwaka, lakini hawatagi huku. Wakati wa kutaga ukifika huenda kwenye visiwa na fuo za Somalia, Bahari ya Shamu, Oman na Ghuba, wakachimba mashimo mchangani na kutaga yai moja jeupe. Miongoni mwa ndege wa fuo wenye miguu mirefu, ni hawa pekee wanaotaga ndani ya mashimo ya kuchimba. Joto la mchanga husaidia kuliatamia yai, mzazi akapata fursa ya kwenda kutafuta chakula.

Kamongo ndani ya tope

Wenyeji wa Ziwa Victoria wanamjua kamongo, samaki mwenye umbo la mkunga na mapafu ya kupumulia hewa. Kinamasi kinapokauka, kamongo hulitafuna tope kwa kinywa na kulitoa kupitia matamvua, akashuka hadi mahali penye unyevu. Humo hujigeuza, kichwa kikaelekea juu, na mwili wake ukatoa ute unaokauka na kumzunguka kama mfuko, ukiacha tundu dogo mbele ya kinywa. Hukaa hivyo miezi mingi akijilisha misuli yake mwenyewe hadi mvua zirejee. Mwanasayansi Mmarekani Homer Smith alivutiwa naye kiasi cha kukiita kitabu chake cha mwaka wa 1932 kwa jina hilo la Kamongo.

Dume pia huchimba kiota baina ya matete, ambamo jike hutaga, naye huwalinda mayai na watoto kwa ukali unaowafanya wavuvi kuwa waangalifu na vidole vyao.

Maradhi ya shimoni

Makao yanayopokezanwa hupokezana pia wadudu. Katika nyufa za shimo la ngiri huishi papasi, kupe laini ambao hutoka kumuuma mnyama akilala na kurudi mafichoni. Papasi hao hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika. Watoto wa ngiri huambukizwa wakiwa shimoni lakini hawaugui, nao huwaambukiza papasi wengine, na mzunguko huo umedumu tangu kale. Hatari huja papasi aliyening'inia kwa ngiri anapodondoka karibu na zizi la nguruwe wa kufugwa, ambao hufa kwa wingi. Ugonjwa huo ulielezwa kwa mara ya kwanza na daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery mwaka wa 1921, kutokana na visa vilivyotokea papa hapa Kenya. Hauna tiba wala haumdhuru binadamu. Anayefuga nguruwe karibu na mbuga anapaswa kuwafungia katika zizi lenye ua imara wasichanganyike na ngiri, wala asiwaache wazurure hadi kwenye mashimo.

Binadamu naye ana la kuhadhari. Katika Baringo, Pokot Magharibi, Turkana na sehemu za Kitui, usubi wanaoeneza kala-azar hupumzika mchana katika matundu ya vichuguu na mashimo ya wanyama, ambamo mna unyevu, kisha hutoka jioni kuuma. Kala-azar huleta homa ya muda mrefu, kukonda na kuvimba kwa wengu, na huua isipotibiwa. Watoto wanaochunga mbuzi hupenda kuketi juu ya kichuguu machweo yanapoingia kwa sababu huona mbali. Ni heri waketi kwingine.

Anapokosekana mhanga

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 iliongeza adhabu. Hata hivyo mitego ya waya ingalipo, na wawindaji haramu hutega kwenye milango ya mashimo kwa kuwa wanajua mnyama atatokea hapo. Wengine huwasha moto mlangoni ili moshi umfurushe aliye ndani. Moshi huo huwafikia wote waliomo, akiwemo yule asiyetafutwa.

Tishio jingine halionekani haraka. Mwaka wa 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika jangwa la Kalahari, Afrika Kusini. Walikuwa wamepachika vyombo vya kupima joto katika miili ya mhanga sita kabla ya kiangazi kikali cha 2012 na 2013. Nyasi zilikauka, mchwa wakakosekana, na mhanga wakaanza kutoka mchana, jambo wasilozoea, ili waote jua kwa kuwa miili yao haikuwa na nguvu ya kujipasha moto usiku. Watano kati ya hao sita walikufa. Mashimo yao yalikuwa mazima. Kilichokosekana ni chakula.

Hapa kwetu mvua zilikosekana kwa misimu mitano mfululizo kutoka mwisho wa 2020 hadi 2022, na mizoga ya ng'ombe, punda milia na ndovu ilihesabiwa na kupigwa picha. Mnyama anayefia chini ya ardhi usiku hahesabiwi kwa urahisi namna hiyo.

Kwa mwenye shamba au malisho, kuna njia ya kukaa na mashimo haya bila hasara kubwa. Shimo lililotandwa na utando wa buibui mlangoni huenda halina mtu. Lenye udongo mbichi, nyayo au inzi wengi lina mwenyewe. Lililo katika njia ya mifugo laweza kuzungushiwa matawi ya miiba kwa umbali wa hatua chache, mlango ukaachwa wazi, ng'ombe wakapita kando. Akipatikana kakakuona au watoto wa mbwa mwitu, afisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) iliyo karibu ndiyo ya kuarifiwa.

Shimo lisilofanyiwa ukarabati halidumu. Mvua huuporomosha mlango, ng'ombe hulikanyaga dari, na baada ya misimu michache hubaki bonde dogo lililoota nyasi. Ngiri anaweza kulifukua kidogo, fisi kidogo, nungunungu kidogo, lakini kazi ya kuanza upya katika ardhi ngumu wameachiwa wachache, na katika sehemu kubwa ya nyika yetu anayeifanya kila usiku ni mhanga.